Hot Space: Albamu ya Queen iliyonuniwa

Wapenzi wa Queen walioinunua Hot Space ilipotoka Mei 1982 walipokewa na mashine ya ngoma, kinanda cha umeme na tarumbeta zilizopangwa na Arif Mardin. Gitaa la Brian May, lililokuwa kitambulisho cha bendi kwa karibu miaka kumi, lilikuwa limesogezwa pembeni. Wengi walinuna. Tangu hapo, kila albamu za Queen zilipopangwa kwa ubora, hii ilibaki mkiani, na walioipenda waliipenda kimyakimya.

Siku hizi wanaitetea waziwazi, na nadhani wana hoja.

Mzizi wa mambo uko kwenye The Game, albamu ya 1980 iliyoshika nafasi ya kwanza Uingereza na Marekani. Humo mpiga besi John Deacon, mtu mkimya kuliko wote katika bendi, alitunga Another One Bites the Dust, wimbo wa kucheza unaobebwa na besi tupu, nao ukaongoza chati za Marekani. Kundi ambalo miaka ya sabini lilijigamba kwenye majalada ya sahani zake kwamba halitumii sintesaiza likaona mlango umefunguka. Sehemu ya kazi ya Hot Space ilifanyika Munich, Ujerumani, katika studio ya Musicland iliyoanzishwa na Giorgio Moroder, fundi mkubwa wa disko. Freddie Mercury, mwimbaji wa bendi na mzaliwa wa Unguja, alizipenda mno kumbi za usiku za mji ule. Yeye na Deacon wakaivuta bendi kwenye densi, May hakufurahia. Kwenye Back Chat, wimbo wa Deacon, walivutana hasa: mwenye wimbo hakutaka gitaa la solo, May akashikilia kuwa wimbo bila gitaa haujakamilika. Solo ikaingia. Ukiisikiliza leo, inakwaruza kama mtu anayejibu matusi, na ndiyo maana inafaa, kwa kuwa wimbo wenyewe unahusu majibizano.

Wakati nao haukuwa rafiki. Julai 1979, katika uwanja wa Comiskey Park mjini Chicago, sahani za disko zililipuliwa kwa baruti mbele ya umati uliokuwa ukishangilia. Katika Marekani ya namna hiyo, bendi ya roki kutoa upande mzima wa muziki wa kucheza ilikuwa kujitafutia lawama. Hot Space iliishia nafasi ya 22 huko. Uingereza ilifika ya 4. Baada ya ziara ya mwaka huo, Queen haikufanya ziara tena Marekani ikiwa na Mercury. Si haki kuitwisha albamu moja mzigo wote huo, maana sababu nyingine zilifuata, lakini ndiyo iliyobebeshwa.

Kilichowageuza wengi ni onyesho la Milton Keynes Bowl la 5 Juni 1982, lililotolewa rasmi kwa CD na DVD mwaka 2004. Kabla ya kuanza Staying Power, wimbo wa albamu hiyo, Mercury anaiambia hadhira kwamba bendi inajaribu tu sauti mpya, kwamba haijapoteza roki yake, na kwamba hii ni sahani tu, hakuna haja ya kupandisha jazba. Kisha Deacon, badala ya besi, anapiga gitaa la rithimu kwa mikato mifupi mifupi. Besi inatoka kwenye kinanda. Roger Taylor anapiga dramu halisi, na May anapata pa kuingilia. Wimbo ni uleule, lakini sasa una misuli. Msikilizaji aliyelelewa kwenye dansi, anayejua rithimu na besi zinavyopaswa kusemezana, ataelewa mara moja kwamba utunzi haukuwa na kasoro. Kilichokosekana studio ni joto.

Kuna pia Cool Cat, uliotungwa na Mercury na Deacon, ambao Mercury anauimba kwa sauti nyembamba ya juu, bila haraka. Mwimbaji David Bowie aliwahi kuitikia humo, akaomba sauti yake iondolewe. Wimbo haukupungukiwa na kitu. Life Is Real, alioutunga Mercury kumkumbuka John Lennon, una piano na majonzi ambayo hakuna aliyetarajia kuyakuta kwenye albamu iliyoitwa ya disko. Na mwisho kabisa kuna Under Pressure, waliouimba na Bowie na ambao uliongoza chati za Uingereza mwaka 1981. Ajabu ni kwamba watu waliupenda wimbo huo huku wakiibeza sahani inayoubeba.

Sikubaliani na wanaoiita sasa kazi bora kuliko zote. Wimbo wa Body Language bado ni mwembamba, na Dancer unarudia wazo moja mpaka linachosha. Wapo wanaodai pia kwamba albamu hii ilimwonyesha njia Michael Jackson katika Thriller. Hot Space haihitaji kuazima heshima ya Thriller. Nyimbo zake tano au sita zinaweza kusimama zenyewe.

Ukitaka kuijaribu, usianze mwanzo. Anza na Staying Power ya Milton Keynes, uende Back Chat, kisha Cool Cat, ndipo uirudie albamu yote.