Talaka Hutunzwa Wapi?

Katika mahakama ya kidini ya Kiyahudi talaka haitamkwi, hukabidhiwa. Mwandishi maalumu huketi na kalamu ya unyoya akaandika mistari 12, sehemu kubwa kwa Kiaramu, kwa ajili ya mume yule na mke yule tu. Hutaja tarehe. Hutaja mji na mito au visima vyake, usije ukachanganywa na mji mwingine. Huandika majina ya wawili hao pamoja na majina yao ya utani. Mashahidi wawili hutia saini, kisha mume huidondosha hati ile katika viganja vya mke, naye huibana kwapani na kutembea hatua chache ili ionekane kwamba sasa ni mali yake. Kinachofuata ndicho kinachonivutia zaidi. Rabi huichukua tena hati hiyo, inayoitwa get, huikagua, huikata ili asitokee mtu baadaye wa kuitia dosari, kisha huiweka katika kumbukumbu za mahakama. Wawili hao hutoka na barua tu, kila mmoja na yake, ya kuthibitisha kwamba wameachana.

Linganisha na talaka yetu ya pwani. Ni karatasi iliyochanwa kwenye daftari la shule, pengine kingo zake bado zina matundu ya pini. Mimi fulani bin fulani nimemwacha mke wangu fulani binti fulani talaka moja. Tarehe ipo, au haipo. Chini yake kuna majina ya watu wawili bila anwani wala mtaa, na mmoja wao mara nyingi ni mdogo wake mume. Karatasi hupelekwa na wifi ikiwa imekunjwa mara nne, na siku hizi mke huletewa picha yake kwenye simu. Nakala ya pili hakuna. Ikiliwa na mchwa, au mume akiamua kukana, mwanamke huyo hana tena cha kumwonyesha yeyote.

Si kwamba dini ya Kiislamu haikujali ushahidi. Aya ya pili ya Suratut Talaq inaagiza washuhudishwe watu wawili waadilifu. Wanazuoni wengi wa Kisunni wameuchukua ushahidi huo kuwa jambo linalopendeza, wala si sharti; Mashia Ithnaasheri wao wamelifanya kuwa sharti, na talaka isiyosikiwa na waadilifu wawili kwao haikupita. Hivyo katika mji mmoja, Dar es Salaam au Unguja, majirani wawili wanaweza kutamka maneno yaleyale usiku mmoja, mke wa huyu akaanza kuhesabu eda na mke wa yule akabaki mke.

Jeraha moja dini hizi mbili zinalijua vizuri: mwanamke aliyetundikwa. Kwa Wayahudi ni yule ambaye mume amekataa kumpa get, basi haolewi tena hata wakiishi mbalimbali miaka 30. Kwetu ni yule anayeambiwa “sikuachi na wala sikutaki”, jambo ambalo Suratun Nisaa, aya ya 129, inamkataza mume. Dawa zao ndizo zinazotofautiana. Kadhi anaweza kuivunja ndoa kwa fasakhi, na mke anaweza kujivua kwa khului akirudisha mahari. Rabi hana uwezo wa kutoa talaka kwa niaba ya mume mkaidi, na ndiyo maana Uingereza ilitunga sheria mwaka 2002 inayoiruhusu mahakama kuzuia talaka ya kiserikali isikamilike hadi ile ya kidini itolewe. Kwa maoni yangu, Wayahudi wameutunza waraka vizuri kuliko walivyomtunza mwanamke anayeusubiri. Sisi tumempa mwanamke njia ya kutoka, tukasahau kumwandikia kwamba ametoka.

Tanzania Bara ina jibu lake, na watu wengi hawalijui mpaka siku ya kugombania nyumba. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 haiitambui talaka ya mdomo, wala ya karatasi ya daftari, kuwa imevunja ndoa. Kinachovunja ni amri ya mahakama. Kabla ya kwenda huko wanandoa wapitie Baraza la Usuluhishi wa Ndoa, la kata au la jumuiya ya dini, na baraza litoe hati kwamba limeshindwa kuwapatanisha. Ipo misamaha kwa mambo kama mwenzi aliyetoroka asijulikane alipo, au aliyeitwa barazani akakaidi makusudi. Ndoa ambayo haijatimiza miaka miwili inahitaji ruhusa ya mahakama kwanza. Shauri linaweza kuanzia mahakama ya mwanzo, ambako mtu hujieleza kwa Kiswahili chake, au mahakama ya wilaya, ya hakimu mkazi, hata Mahakama Kuu.

Waislamu hawakuachwa nje. Kifungu cha 107 kinasema kwamba ikiwa ndoa ilifungwa Kiislamu, baraza likathibitisha kushindwa, kisha mmoja wao akafanya jambo ambalo kwa sheria ya Kiislamu huvunja ndoa, mahakama itaikubali hali hiyo na kutoa amri ya talaka. Mpangilio huo ndio unaowaponza watu: baraza kwanza, talaka baadaye, mahakama mwisho. Wengi huanza na talaka, wakapata karatasi ya msikitini, wakadhani safari imeisha. Mke huolewa kwingine, mume huoa, nyumba inabaki kwa jina la mume. Siku mke anapotaka mgawo wa walichochuma pamoja, anakuta kwamba mahakama hugawa mali ya ndoa pale tu inapotoa amri ya talaka au ya kutengana, au baada ya hapo. Amri hiyo hana. Na waliofika mahakamani bila hati halali ya baraza wamewahi kuona mwenendo mzima unafutwa kwenye rufaa, baada ya miaka ya nauli na mashahidi.

Kuna kituko kimoja humo. Sheria hiyohiyo inaweza kuitambua talaka iliyotolewa nje ya nchi bila mahakama, kama ilikuwa halali kwa sheria ya mahali ambako wawili hao wana makazi yao ya kudumu. Talaka ya Muscat, basi, inaweza kusimama mbele ya hakimu wa Temeke, wakati ile ya Temeke yenyewe haisimami.

Ng'ambo ya bahari, Zanzibar, kadhi ni mahakama ya serikali, na Kenya imemweka katika Katiba ya mwaka 2010 kwa Waislamu wanaokubali kwenda kwake. Susan Hirsch, aliyeandika kitabu mwaka 1998 kuhusu mahakama za kadhi za pwani ya Kenya, alionyesha jambo ambalo wasikilizaji wa barazani walilijua zamani: waume hutamka, wake huvumilia, lakini wanaofungua mashauri kwa kadhi zaidi ni wanawake, na mara nyingi hushinda. Anayehitaji kumbukumbu ndiye anayeifuata.

Kanisa Katoliki halina talaka, lakini kwa utunzaji wa kumbukumbu nalisifu. Ndoa ya Mkatoliki huandikwa pembeni mwa jina lake katika kitabu cha ubatizo, kwenye parokia alikobatizwa akiwa mtoto. Ndoa ikitangazwa kuwa batili, hilo nalo hurudi kuandikwa palepale. Mtu aliyebatizwa Bukoba akafunga ndoa Arusha hawezi kufunga nyingine Songea kwa kujifanya mseja, kwa kuwa paroko wa Songea atamwagiza alete cheti kipya cha ubatizo.

Katika mila za wafugaji na wakulima wengi wa bara, ushahidi ulikuwa na pembe. Mahari yakirudi, kila aliyeona ng'ombe wakiswagwa kurudi boma walikotoka alijua ndoa imekwisha. Mwaka 2015, katika shauri la shirika la Mifumi, Mahakama ya Juu ya Uganda ilisema kudai mahari yarudishwe ndipo ndoa ivunjike ni kinyume cha katiba, nami nakubali: mwanamke asishikiliwe kwa sababu kaka yake ameshaolea ng'ombe wale. Lakini penye desturi hiyo, aliyeiacha apate kitu kingine cha kushika mkononi.

Waingereza, kabla ya mwaka 1858, waliachana kwa sheria ya Bunge iliyotungwa kwa ajili ya wanandoa wawili, yaani waliachana matajiri. Mafaili ya mahakama ya talaka iliyofuata yamo kwenye Hifadhi ya Taifa huko Kew, na vitukuu huyafungua leo wakitafuta ukoo. Marekani, mafaili mengi ya talaka hukaa kwa karani wa mahakama ya kaunti, na mara nyingi yako wazi kwa yeyote anayeuliza. Hapo mimi nasita. Kenya huchapisha hukumu za talaka mtandaoni kwa herufi za mwanzo za majina. Zetu za Tanzania huonekana kwa majina kamili, na humo mna mambo ya chumbani. Mtu aipate kumbukumbu yake bila taabu, lakini jirani asiisome kama gazeti. Wakenya wametuzidi katika hili.

Basi wewe uliyeachika au unayeachana, usiridhike na karatasi uliyoletewa na wifi. Pita barazani, fika mahakamani, na shauri likiisha omba nakala za hukumu na za tuzo, yaani amri ya talaka, zenye muhuri, zaidi ya moja. Hakikisha talaka imesajiliwa kwa Msajili wa Ndoa na Talaka, kazi iliyo chini ya RITA, wakala wa serikali wa usajili. Andika mahali pa usalama jina la mahakama, mwaka na namba ya shauri, umpe na ndugu mmoja unayemwamini. Unayetafuta talaka ya zamani, ya kwako au ya mzazi wako, anza na mahakama iliyoamua. Ukiwa na mambo hayo matatu, karani wa masijala ana pa kuanzia. Na kama unaomba viza ya kumfuata mume mpya Marekani, huko huulizwa uthibitisho kwamba kila ndoa iliyotangulia imekwisha. Ushughulikie kabla ya kukata tiketi.