Dola Moja na Bei ya Insulini

Wahenga walisema kwamba mgonjwa haulizwi uji. Maana yake ni kuwa mtu aliyelemewa na maradhi hangojwi aombe, bali huletewa kile kimfaacho. Usemi huu ni mzuri, na kila mmoja wetu huukubali. Walakini, msomaji, dunia haikuufuata nyakati zote. Nakualika tuitazame historia ya dawa moja iitwayo insulini, hasa katika nchi ya Marekani, ambako mgonjwa aliulizwa kwanza kama ana bima, na bima ikikataa kulipa, aliulizwa kama ana fedha. Nchi ile ni tajiri kuliko yetu, lakini makosa ya tajiri ni shule ya bure kwa jirani yake.

Ili uielewe thamani ya dawa hii, yakupasa kwanza uujue ugonjwa wenyewe. Ndani ya tumbo, nyuma ya mfuko wa chakula, kuna kiungo kiitwacho kongosho. Kiungo hiki hutoa insulini, nayo huisaidia sukari iliyo katika damu kuingia mwilini na kuwa nguvu. Kuna namna ya kisukari ambayo aghalabu huanza utotoni au katika ujana, ambamo kongosho huacha kabisa kazi hiyo. Sukari hujaa katika damu na kutoka kwa mkojo, na mgonjwa hukonda kama mtu afaye kwa njaa huku amekaa ndani ya ghala la nafaka. Kabla ya mwaka 1922 madaktari hawakuwa na tiba. Walichoweza ni kumpunguzia mgonjwa chakula hadi abaki mifupa na ngozi, ili aongezewe miezi michache ya kuishi.

Usiku wa tarehe 31 Oktoba 1920, daktari kijana aitwaye Frederick Banting, aliyekuwa akiishi katika mji wa London, jimbo la Ontario, nchini Kanada, alipata wazo la kuitafuta dawa ndani ya kongosho la wanyama. Mwaka uliofuata alipewa nafasi katika Chuo Kikuu cha Toronto, chini ya Profesa J. J. R. Macleod, akasaidiwa na mwanafunzi Charles Best. Baadaye alijiunga nao James Collip, bingwa wa kemia. Januari 1922 walimdunga dawa yao mvulana wa miaka 14 aitwaye Leonard Thompson. Dawa ya kwanza ilikuwa chafu na haikumfaa. Siku chache baadaye Collip aliisafisha, mvulana akadungwa tena, na safari hii sukari ilishuka na nguvu zikamrudia. Aliishi miaka 13 zaidi.

Sasa lizingatie jambo lililofuata. Mtu anayevumbua kitu kipya huweza kupewa na serikali haki ya peke yake ya kukitengeneza na kukiuza kwa muda fulani. Haki hiyo huitwa hataza. Banting, Best na Collip wangaliweza kuitumia kujitajirisha. Badala yake, Januari 1923, walikiuzia Chuo Kikuu cha Toronto haki yao, kila mmoja kwa bei ya dola moja. Nia yao ilikuwa kumzuia mfanyabiashara yeyote asiihodhi dawa hiyo. Chuo kiliruhusu kampuni ya Eli Lilly ya Marekani kuitengeneza, na August Krogh, mtaalamu wa Denmark, akapeleka elimu hiyo kwao. Kwa miaka mingi insulini ilitokana na makongosho ya ng'ombe na nguruwe waliochinjwa machinjioni.

Huenda ukadhani kwamba dawa iliyouzwa kwa dola moja haingeweza kuwa ghali kamwe. Subiri kidogo, kwani hapana budi tuigeukie bima.

Bima ni ushirika wa watu wengi wanaochanga kidogo kidogo ili atakayepatwa na msiba asaidiwe na fungu la wote. Mwaka 1929 walimu wa Dallas, katika jimbo la Texas, walianza kulipa senti 50 kila mwezi, na hospitali moja ikawaahidi siku 21 za kulazwa kwa mwaka. Mfano huo ulienea. Wakati wa Vita Kuu ya Pili serikali ya Marekani ilizuia mishahara isipandishwe, nao waajiri wakawavuta wafanyakazi kwa kuwapa bima badala ya nyongeza. Hivyo matibabu yakafungamana na ajira, na aliyepoteza kazi akapoteza na bima. Mwaka 1965 Bunge lilianzisha bima ya wazee iitwayo Medicare, lakini kwa muda wa miaka 40 bima hiyo haikulipia dawa nyingi ambazo mzee huzinunua dukani na kuzitumia nyumbani. Mlango huo ulifunguliwa mwaka 2006 tu.

Wakati huo huo, insulini yenyewe ilibadilika. Mwaka 1982 Marekani iliruhusu insulini iliyotengenezwa kwa bakteria waliopandikizwa mbegu ya urithi ya binadamu, na mwaka 1996 ikaruhusu namna mpya ifanyayo kazi kwa haraka zaidi. Kila namna mpya ilikuja na hataza zake mpya, na hataza hizi hazikuuzwa kwa dola moja. Kampuni tatu, Eli Lilly, Novo Nordisk na Sanofi, zikawa na sehemu kubwa mno ya soko la dunia. Kichupa kimoja cha insulini ile ya 1996 kilianza kwa bei ya takriban dola 21. Miaka ishirini na kitu baadaye, kichupa kile kile, chenye dawa ile ile, kilitangaziwa bei ya takriban dola 275.

Kwa nini bei ilipanda hivyo? Jibu moja ni kwamba washindani walikuwa wachache. Jibu la pili limejificha katika bima. Mawakala wa bima hukutana na kampuni za dawa na kudai punguzo, ndipo waiweke dawa katika orodha ya dawa zinazolipiwa. Kampuni huipandisha bei ya kutangazwa, kisha humrudishia wakala sehemu ya fedha kwa siri. Bei ya kutangazwa haimuumizi sana wakala, maana yeye hailipi yote. Humuumiza nani, basi? Humuumiza yule asiye na bima, na yule ambaye bima yake inamtaka alipe mwenyewe maelfu ya dola kabla haijaanza kumsaidia. Hapo ndipo lilipo jambo la kustaajabisha: mtu ambaye bima haikumlipia ndiye aliyelipa bei kubwa kuliko wote.

Watu hao walifanya nini? Wengine walijipunjia dawa. Wataalamu waliowahoji wagonjwa wa kliniki moja ya Chuo Kikuu cha Yale mwaka 2017 walikuta kwamba mmoja kati ya wanne alikuwa akitumia insulini pungufu ya aliyoandikiwa kwa sababu ya gharama. Hiyo ni hatari, kwa maana mwenye kisukari cha namna ile akikosa insulini kabisa huweza kufa kwa siku chache. Wengine walirudia insulini za zamani, zilizouzwa kwa dola 25 hivi katika maduka fulani. Lakini hizo hufanya kazi kwa mwendo mwingine, na anayebadilisha pasi na daktari hujitia katika hatari nyingine.

Wengine walivuka mpaka. Mwaka 1999 Bernie Sanders, mbunge kutoka jimbo la Vermont, alipanda basi pamoja na wanawake waliokuwa wakiugua saratani ya matiti, wakaenda Montreal nchini Kanada, wakanunua dawa yao kwa bei iliyokuwa kama sehemu moja ya kumi ya ile ya kwao. Miaka 20 baadaye, mwaka 2019, msafara wa wagonjwa wa kisukari na wazazi wao ulitoka Marekani kwenda London, Ontario, mji ule ule alikopatia Banting wazo lake. Dawa ilikuwa moja na kampuni zilikuwa zile zile. Tofauti ilikuwa sheria: Kanada ina baraza, lililoundwa mwaka 1987, linalochunguza bei za dawa zenye hataza ili zisipite kiasi.

Kelele za watu hawa hazikupotea hewani. Mwaka 2022 Bunge la Marekani lilipitisha sheria kwamba, kuanzia Januari 2023, mwenye Medicare asilipe zaidi ya dola 35 kwa mwezi kwa insulini. Kifungu ambacho kingewapa nafuu hiyo hata wenye bima za kampuni binafsi kiliangushwa katika Seneti. Hata hivyo, Machi 2023, kampuni zote tatu zilitangaza kwamba zitapunguza bei za baadhi ya insulini zao kwa asilimia 70 au zaidi. Jiulize, msomaji: ikiwa bei iliweza kushushwa kiasi hicho, na viwanda havikufungwa, je, ilikuwa na lazima gani kupanda?

Nasi tuna la kujifunza. Kenya ilianzisha mfuko wake wa bima ya hospitali mwaka 1966, na Oktoba 2024 kazi hiyo ilihamishiwa kwa Mamlaka ya Afya ya Jamii. Kuna mengi ya kusemwa juu ya mabadiliko hayo, lakini historia tuliyoipitia inatupa maswali matatu ya kuuliza kuhusu bima yoyote: Inalipia dawa za nyumbani, au kitanda cha hospitali peke yake? Mgonjwa hulipa kiasi gani kabla haijaanza kumlipia? Na nani hupanga bei, tena kwa siri au hadharani?

Kuna na mambo madogo ambayo hata mwanafunzi aweza kuyafanya nyumbani kwao. Dawa nyingi zina majina mawili: jina la kiwanda na jina la dawa yenyewe. Hataza ikiisha, viwanda vingine huruhusiwa kuitengeneza dawa hiyo, na aghalabu bei hushuka sana. Kwa hiyo mgonjwa ana haki ya kumuuliza daktari jina la dawa yenyewe, na kumuuliza mfamasia kama ipo ya bei nafuu yenye kazi ile ile. Fedha zikipungua, asinyamaze wala asijipunjie dawa kwa aibu. Na arudi kwa aliyemwandikia, amweleze ukweli.

Watu watatu wa Toronto waliitoa haki yao kwa dola moja, wakidhani wameulinda uhai wa wagonjwa kwa vizazi vyote. Hisani yao ilidumu kwa muda, kisha ikahitaji sheria za kuilinda. Sheria hutungwa na wabunge, na wabunge huchaguliwa na raia. Miaka michache tu ijayo, raia hao mtakuwa ninyi.