Nafasi Tupu Hewani

Mwaka 2008 Nokia ilitoa simu ya N78 iliyokuwa na transmita ndogo ya FM ndani yake. Zikafuata N97 na N900 mwaka 2009, kisha N8 mwaka 2010. Kazi ya transmita hiyo ni rahisi kueleza: unachagua masafa, tuseme 88.7, unaweka redio ya gari kwenye 88.7, na wimbo ulio kwenye simu unatoka kwenye spika za gari. Hakuna waya, hakuna kaseti. Sharti ni moja tu, masafa hayo yawe hayana mwenyewe.

Mimi nasomea shahada ya uzamili ya historia jijini Nairobi, na sharti hilo ndilo lililonivuta. Swali la ni wapi hewani pasipo na mwenyewe lina historia, na kwetu ni historia fupi ajabu.

Matangazo ya redio yalianza Nairobi mwaka 1928, kwa Kiingereza, kwa ajili ya walowezi. Baada ya uhuru serikali ilikishika kipaza sauti na haikutaka kukiachia. Mtu mwenye transmita ya mfukoni mwaka 1990 (haikuwepo, lakini tufikirie) angekuta bendi ya FM karibu yote ni tupu. Tatizo lake lingekuwa polisi, si msongamano. Mwaka 1996 Capital FM ikaingia kwenye 98.4, na mlango ukafunguka. Leo Inooro iko 98.9, hatua tano tu kutoka Capital. Milele iko 93.6 na BBC 93.9. Kati ya 87.5 na 108 kuna nafasi 206 ukihesabu kwa hatua ya 0.1, lakini kituo hakikai kwenye nafasi moja. Sauti yake humwagikia majirani. Kwa hiyo unayetafuta pa kurushia simu yako hutafuti pengo, unatafuta pengo lenye mapengo kulia na kushoto.

Na FM haina huruma kwa mnyonge. Edwin Armstrong, Mmarekani aliyepata hataza za mfumo huu mwaka 1933, alitaka sauti isiyo na mikwaruzo, na aliipata. Ila mfumo huo una tabia moja. Kwenye AM vituo viwili vikigongana utavisikia vyote, kimoja nyuma ya kingine kama watu wanaogombana chumba cha pili. Kwenye FM redio humshika mwenye nguvu na kumzima mwingine kabisa. Sasa pima nguvu zenyewe. Uingereza, ambako transmita hizi zilikuwa haramu hadi tarehe 8 Desemba 2006, sheria iliziruhusu kwa kikomo cha nanowati 50. Kituo cha kilowati 5 kina nguvu mara bilioni 100 ya hizo. Kinachokuokoa ni kwamba simu yako iko mita moja kutoka kwenye redio, na kituo kiko mlimani.

Bendi yenyewe nayo haikushuka kutoka mbinguni. Marekani ilianza FM kwenye megahezi 42 hadi 50, kisha mwaka 1945 tume yao ya mawasiliano ikaihamishia juu, ikaanzia 88, na redio zote za awali zikawa vyuma vitupu. Armstrong alipigana mahakamani mpaka fedha na afya vikamwishia. Alijiua mwaka 1954. Japani ikachagua 76 hadi 90. Uamuzi huo wa Japani uko ndani ya magari yetu mpaka leo, kwa kuwa mengi tumeyanunua huko yakiwa yametumika. Redio ya gari la namna hiyo inaishia 90. Transmita ya N8 inaanzia 88.1. Zinakutana kwenye kidirisha cha nafasi 20 tu, na ndani yake wapo wenyeji, Ghetto Radio kwenye 89.5 akiwa mmoja wao. Fundi anaweza kukufungia ekspanda ya kushusha masafa, lakini hapo namba ya redio na namba ya simu hazitafanana tena, na utapiga hesabu ukiendesha.

Mjomba wangu ana gari la aina hiyo, bila ekspanda, na ana N8. Ndani ya N8 mna sauti ya babu yangu mzaa mama, iliyorekodiwa 2012, akitaja ukoo wetu kizazi baada ya kizazi na kueleza shamba lilivyogawanywa. Babu hayupo tena. Kila tunapokwenda Kitui kwa shughuli za familia, mjomba huirusha kwenye redio ili waliokaa nyuma wasikie. Kutoka jijini hadi Athi River inasikika vizuri. Safari moja, baada ya Kyumvi, babu alikuwa amefika kwa nduguye wa tatu, yule ambaye watoto wake wanadai sehemu ya mtoni. Akasema, “Huyu nilimpa…” na mahali pa jina pakaingia tangazo la mbolea. Halikuingia kwa mkwaruzo. Liliingia safi, kana kwamba babu ndiye aliyelisoma.

“Mpwa wangu, shika simu, tafuta pengine,” mjomba akaniambia. Transmita ikiwaka, redio ya simu yenyewe haifanyi kazi, kwa hiyo ilibidi tutafute kwa redio ya gari, pole pole, tukisikiliza mvumo mtupu. Shangazi mmoja nyuma akauliza kama ni kweli babu alisema hivyo alivyosema kabla ya tangazo, au tumemkata. Tuliirudisha nyuma mara tatu.

Wanaotengeneza simu waliiacha transmita mapema; Bluetooth haiombi nafasi kwa mtu. Norwe ilizima vituo vyake vya kitaifa vya FM mwaka 2017. Mjomba hajali habari hizo. Kwenye droo ya gari ana karatasi iliyokunjwa mara nne, yenye majina ya vituo vya njiani kutoka Mlolongo hadi Kitui na mbele ya kila jina namba, nyingine zimekatwa na kuandikwa upya pale kituo kipya kilipohamia. Nimemwomba niipige picha kwa ajili ya tasnifu yangu. Amekubali, ila karatasi yenyewe haitoki garini.