Chapa, Patasi na Leza: Historia ya Istilahi za Kupanga Ukurasa

Mashine za kuchonga kwa mwali wa leza zimekwisha ingia katika karakana za miji mingi ya Tanzania. Kazi zake ni ngao za ubao, vibao vya ofisi, mihuri na kumbukumbu za marehemu. Fundi hupanga ukurasa katika kompyuta, kisha mashine huuchonga juu ya ubao, plastiki au jiwe. Hata hivyo lugha ya kazi hiyo bado ni ya kubahatisha: anayeagiza husema hivi, fundi husikia vile, na mfasiri wa kitabu cha maelekezo huandika jambo la tatu. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba sehemu kubwa ya istilahi zinazotakiwa tunazo tayari, kwa kuwa kazi ya kupanga herufi mahali pake imejulikana katika pwani yetu kwa zaidi ya miaka 900.

Ushahidi uko Kizimkazi Dimbani, Unguja. Katika kibla cha msikiti wa huko pana maandishi ya Kiarabu kwa hati ya Kufi, yaliyochongwa katika jiwe la matumbawe, yenye tarehe ya mwaka 500 wa Hijra, yaani 1107. Jiwe halikubali kufutwa. Aliyekosea kukadiria urefu wa mstari hana tena pa kuweka neno la mwisho. Ndiyo maana mchongaji hupima kwanza. Msamiati wa kupima huko tunao kwa waashi na maseremala: ugwe wa kunyooshea, timazi ya kuhakikishia wima, bikari ya kuzungushia duara, na kiolezo cha kurudia umbo lile lile bila kulipima upya.

Hatua ya pili ililetwa na chapa, neno lililotufikia kutoka Bara Hindi. Katika karne ya 19 Misheni ya Vyuo Vikuu ilikuwa na mtambo wa chapa Unguja, na Edward Steere, aliyepata uaskofu mwaka 1874, aliutumia kuchapishia maandishi ya Kiswahili. Bara kusini, kazi hiyo ilipata makao Peramiho, kiasi cha kilomita 24 kutoka Songea, katika misheni iliyoanzishwa na Wabenediktini mwaka 1898. Vitabu vingi vya shule na vya dini vilivyosomwa nchini katika karne ya 20 vilitoka katika kiwanda cha chapa cha Peramiho.

Katika chapa ya risasi, mpangaji alizishika herufi moja moja, akazipanga kinyume kama zionekanavyo katika kioo, kisha ukurasa mzima ukakazwa kwa kabari ndani ya fremu ya chuma. Hata nafasi tupu ilikuwa kitu cha kushikika, maana kila pengo lilijazwa kipande cha risasi kilichokuwa kifupi kuliko herufi. Hapo maneno mstari, safu, nafasi na pambizo yalikuwa vyombo vya kazi, wala si mapambo ya kamusi.

Historia ya chapa inatufundisha pia hatari ya tarakimu isiyo na kizio. Wachapaji wa Uingereza na Marekani walipima herufi kwa pointi ya milimita 0.351 hivi, wengi wa bara la Ulaya, Wajerumani wakiwamo, walitumia pointi ya Didot ya milimita 0.376 hivi. Kwa hiyo herufi ya pointi 12 ilikuwa na kimo cha milimita 4.2 mahali pamoja na 4.5 mahali pengine. Tarakimu ni ile ile, kitu si kile kile.

Leza ya kwanza ilitengenezwa na Theodore Maiman huko Marekani mwaka 1960. Mwaka 1964 Kumar Patel alitengeneza leza ya gesi ya kaboni dayoksaidi, na hiyo ndiyo itumikayo sana kuchongea ubao na plastiki. Tatizo la Didot limerudi pamoja nayo. Mchoro wenye upana wa pikseli 960, ukisomwa kwa pikseli 96 katika inchi, una milimita 254. Ukisomwa kwa pikseli 72, una milimita 339 hivi, nao hautoshei tena katika meza ya milimita 300.

Tatizo la pili ni la mahali. Chukua kibao cha milimita 200 kwa 100. Fundi ameambiwa: weka jina kwenye 100 kwa 50. Ikiwa mchoro unashikwa kwa kitovu chake, jina litakaa katikati. Ikiwa unashikwa kwa pembe ya juu kushoto, jina litaanzia katikati, na likizidi milimita 100 kwa urefu litatoka nje ya kibao. Aidha mashine nyingine huanza kuhesabu kutoka pembe ya juu ya meza, nyingine kutoka pembe ya chini. Hivyo twahitaji istilahi mbili zisizochanganywa: nukta ya mwanzo kwa mahali pa meza panapohesabiwa sifuri, na nukta ya kushikia kwa mahali pa mchoro panapopimwa. Ubao wenye matundu ya kushikilia vibao, ili kila kimoja kichongwe mahali pale pale, hauhitaji neno jipya. Huo ni kiolezo. Vivyo hivyo tutenge kuchonga, yaani kuondoa sehemu ya uso, na kukata, yaani kupenya mpaka upande wa pili.

Pengine mtu atasema kwamba haya ni mambo madogo ya karakana. Watu wa Songea wanajua kuwa sivyo. Tarehe 27 Februari 1906 Wajerumani waliwanyonga mjini humo viongozi na wapiganaji wa Kingoni wa Vita vya Majimaji, na hadi leo mashujaa hao hukumbukwa kila mwaka ifikapo tarehe hiyo. Jina la marehemu likikosewa katika gazeti, toleo lifuatalo litasahihisha. Likikatwa mwisho wake katika jiwe, vizazi vitalisoma hivyo hivyo, na jiwe litahesabiwa kuwa ndilo shahidi.

Kwa hiyo ni wajibu wa mtumishi wa serikali anayeagiza kibao kutaja katika barua yake mambo manne: vipimo kwa milimita, nukta ya mwanzo, nukta ya kushikia, na kama kazi ni ya kuchonga au ya kukata. Mwalimu wa ufundi ayafundishe maneno hayo pamoja na timazi na bikari. Naye mfasiri, kabla ya kubuni neno, aende kwanza kwa seremala na mpiga chapa akawaulize wao hukiitaje kitu hicho.