Maneno ya Wodini, Sehemu ya 4: Nesi Alikuwa Mnyonyeshaji

Mama, wiki iliyopita usiku wa manane niliitwa "Nesi! Nesi!" na mzazi wa kitanda cha mwisho. Ana siku ya pili tangu ajifungue, maziwa bado machache, mtoto analia, na yeye analia. Mama mkwe alikuwa ameshampigia simu wifi yake mwenye mtoto wa miezi minne, aje asubuhi amnyonyeshe kichanga. Nikasema jamani, subirini kwanza. Mama mkwe akanitazama: "Kwani nesi na kunyonyesha wapi na wapi?"

Nilitabasamu tu. Jina aliloniita lenyewe ni la mnyonyeshaji.

"Nesi" tumelitoa kwenye "nurse" ya Kiingereza. Waingereza walilipata kwa Wafaransa wa zamani, waliosema "norrice", na chanzo chake ni Kilatini, "nutrix", yaani mwanamke anyonyeshaye, hasa mtoto wa mwenzake. Shina lake ni kulisha na kulea. Hata nasari anakosoma mwanao ni ukoo huohuo.

Kwa karne nyingi huko Ulaya nesi hakuwa mtu wa sindano. Alilipwa kwa ziwa lake. Mwaka 1780 mkuu wa polisi wa Paris, Lenoir, alikadiria kwamba kati ya watoto kama 21,000 waliozaliwa mjini kwa mwaka, takriban 17,000 walipelekwa kunyonyeshwa vijijini. Wengi walifia huko. Mimi hukwama hapa: na mtoto wa yule mnyonyeshaji, yeye alinyonya nini? Wengine waliachishwa mapema ili ziwa lipate mteja. Kule Marekani wakati wa utumwa, wanawake weusi walinyonyesha watoto wa mabwana zao bila hata senti.

Shakespeare anaye nesi wa namna hiyo kwenye Romeo na Juliet. Alimnyonyesha Juliet, na binti yake mwenyewe, Susan, aliyekuwa rika moja na Juliet, ameshafariki. Alipomwachisha Juliet alipaka dawa chungu ya majani kwenye chuchu. Nyie mlioachishwa kwa shubiri au pilipili, mpo?

Enzi hizohizo, mwishoni mwa miaka ya 1500, neno likaanza kumtaja pia anayehudumia mgonjwa. Si ajabu. Aliyezoea kulisha na kuosha kichanga ndiye aliyeitwa kulisha na kuosha mgonjwa. Florence Nightingale alipofungua shule yake London mwaka 1860, kazi ikawa ya kusomewa. Lakini mwaka mmoja kabla alishaandika kwamba analitumia neno hilo kwa kukosa bora zaidi, maana watu walilifinya likawa kutoa dawa na kubandika dawa tu. Yeye alitaka hewa safi, mwanga, usafi na chakula viwemo.

Mimi napenda "muuguzi", kutoka kuuguza. Halina maziwa ndani yake, na wenzetu wa kiume hawachekwi.

Turudi kitandani. Kunyonyeshewa mtoto si aibu. Watu wa Pwani wanaijua heshima ya ndugu wa kunyonya, hata hawaoani. Ila siku hizi tunajua virusi vya UKIMWI hupita kwenye maziwa, kwa hiyo ziwa la mwenzako, hata la wifi, halitolewi bila vipimo na bila kuongea na mtoa huduma. Na yule mama hakuwa amekauka. Ile dang'a ya njano, kidogo hivyo, inamtosha kichanga wa siku mbili, tumbo lake bado dogo sana. Nilimweka mtoto vizuri, mdomo wazi, ameshika na weusi wa ziwa, si chuchu peke yake. Nikamwambia anyonyeshe mara 8 hadi 12 kwa siku, usiku pia.

Asubuhi wifi akaja na chupa ya uji wa pilipili manga. Akambeba mtoto, mama akalala saa mbili nzima.

Mwenye swali la kunyonyesha aandike hapa chini, nikitoka zamu nitajibu.