Nguvu za farasi mahali pasipo na farasi

Mazungumzo yetu ya juma hili yanaanzia Mtinko, kaskazini ya mji wa Singida. Nilikuwa nimekaa kivulini nikimsikiliza mzee mmoja aliyekuwa na fedha za vitunguu za misimu miwili, akitaka kununua Land Rover kuukuu. Mwenye gari alikuwa na kitabu mkononi. "Mzee wangu," alisema, "mashine hii ina nguvu za farasi 77. Imeandikwa hapa."

Mzee akamjibu, "Mwanangu, farasi hao wako wapi? Sisi hapa tunalima kwa ng'ombe na kubebea punda."

Watu wakacheka, nami nikacheka. Lakini njiani swali lile liligoma kunitoka, kwa sababu mzee yule alikuwa ameuliza jambo la maana kuliko alivyodhani.

Farasi hao walitoka Uingereza. Katika miaka ya 1780, James Watt alikuwa akiuza injini za mvuke kwa watu waliozoea kusukuma vinu vyao kwa farasi. Mnunuzi aliuliza swali moja tu: chombo hiki kitanipunguzia farasi wangapi? Watt akapiga hesabu ya farasi anayezunguka kinu, akapata jibu, akaliongeza kidogo ili namba ikae vizuri. Tangu hapo nguvu ya farasi mmoja ikawa ni kuinua takriban kilo 76 kwa mita moja katika sekunde moja. Wazungu wa bara, pamoja na Wajapani, hutumia kilo 75. Basi kipimo hiki kilizaliwa sokoni, katika maneno ya muuzaji na mnunuzi, kama pale Mtinko.

Kusema ni jambo moja, kupima ni jingine. Mwaka 1821 Mfaransa Gaspard de Prony alibuni breki ya kupimia. Alibana mhimili wa injini kwa vipande vya mbao, akaunganisha mkono mrefu, na mwisho wa mkono akaning'iniza mawe ya mizani. Uzito ule, ukizidishwa kwa urefu wa mkono, hutoa nguvu ya kuzungusha. Fundi yeyote anaijua nguvu hiyo: nati ikigoma, huchomeka bomba kwenye spana ili mkono uwe mrefu. Nguvu ya kuzungusha ikizidishwa kwa kasi ya mizunguko, ndipo tunapata nguvu za farasi. Mwaka 1877 Mwingereza William Froude alitumia maji badala ya mbao, ili kupima injini kubwa za meli. Siku hizi gari hupandishwa juu ya magurudumu ya chuma, likafungwa minyororo, likakimbia bila kwenda popote. Chombo hicho ndicho kinachoitwa dainamometa.

Sasa turudi kwenye kitabu cha muuzaji. Injini ya petroli ya lita 2.25, iliyotoka na Land Rover za mwaka 1958, iliandikiwa nguvu za farasi 77. Lakini ilizifikia ikizunguka mara 4,250 kwa dakika, yaani ikipiga kelele za kuomba msaada. Nguvu yake kubwa ya kuzungusha, ile inayopandisha mzigo mlimani, hupatikana kwenye mizunguko 2,500, na hapo farasi ni kama 59 tu. Anayebeba magunia anaihitaji namba hii ya pili.

Tena kuna hewa. Singida iko juu kiasi cha mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam. Injini isiyo na tabo hupoteza takriban asilimia 15, hivyo farasi 77 wanabaki kama 65. Giaboksi na difu nazo hula sehemu yao kabla nguvu haijafika kwenye matairi. Hapo hatujagusa ringi za pistoni zilizolika. Hata karatasi ya dainamometa yaweza kupotosha, kwa kuwa wapimaji wengi huirekebisha namba iwe kana kwamba gari lilipimwa karibu na usawa wa bahari. Mnunuzi aulize: namba hii imerekebishwa au la?

Nchi hii imewahi kulipia somo hili. Mwaka 1947 Waingereza walianza mradi mkubwa wa karanga, Kongwa. Walinunua matrekta makuukuu, mabaki ya Vita Kuu ya Pili, mengine kutoka Ufilipino. Kampuni ya Vickers hata iligeuza vifaru vya Sherman kuwa matrekta. Kwenye karatasi nguvu zilikuwepo. Kwenye udongo mgumu na mibuyu, mitambo mingi ilikufa mapema, na mwaka 1951 mradi ukaachwa baada ya kumeza mamilioni ya pauni. Mvua haba na ardhi vilichangia, lakini walioagiza walinunua sifa ya chombo kilipokuwa kipya.

Je, Mtinko pasipo dainamometa mzee afanye nini? Afanye alivyofanya Watt. Apakie gari mpaka lifike tani mbili na nusu kwenye mizani. Achague mwinuko ambao ramani yenye mistari ya kimo inaonyesha mita 60, kisha ashike saa. Gari likipanda kwa dakika moja, kilo 2,500 zimeinuliwa mita moja kila sekunde. Gawanya kwa 75, unapata farasi 33, na hao ni wa kuinua tu, mbali na wanaoshindana na upepo na barabara. Kisha apande na gari jingine la aina ile ile, mzigo ule ule, alinganishe.

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Mzee yule hakununua siku ile. Alirudisha fedha zake kwenye kitambaa, akamwambia kijana: "Njoo kesho, tupakie vitunguu, tupande kilima. Kitabu kiache nyumbani."

Tukutane juma lijalo.