Akili Iliyo Katika Jembe

Watu wakitaka kuonyesha ustadi wa kabila lao huleta ngoma, na mikeka, na vinyago, na mitungi yenye nakshi, na nyimbo za arusi. Mambo hayo ni mazuri, wala sisi hatuyadharau. Lakini katika kufundisha habari za kale tumeona ya kuwa uko ustadi mwingine usiotajwa, kwa kuwa hauchezwi uwanjani wala hautundikwi ukutani. Huo umo mashambani, na katika mifereji ya maji, na katika tanuru za chuma, na hata katika namna ya kuweka nafaka isiliwe na wadudu. Mwenye kuutumia hauiti ustadi; ukimwuliza atakujibu tu, "Ndivyo tulimavyo sisi." Mwezi huu twataka kueleza mfano mmoja wa ustadi wa namna hiyo, nao ni mashimo ya Wamatengo, yaitwayo ngoro.

Umatengo ni nchi ya milima iliyo kusini magharibi ya Tanzania, wilaya ya Mbinga, katika mkoa wa Ruvuma. Upande wa machweo milima hiyo yashuka kuelekea Ziwa Nyasa. Mashamba mengi yamesimama sana, hata mgeni akiyatazama kutoka bondeni hustaajabu jinsi mlimaji asivyoporomoka pamoja na jembe lake. Mvua huanza mwezi wa Novemba au Desemba na kwisha Aprili au Mei, nayo hupita milimita 1000 kwa mwaka. Msomaji na afikiri kidogo: mtelemko mkali, udongo uliolegezwa kwa jembe, na mvua nyingi namna hiyo. Mambo hayo matatu yakikutana, udongo haukai. Husombwa ukashuka mtoni, na baada ya miaka michache hubaki mawe. Kama milima ile ingalilimwa kama tambarare zilimwavyo, wenyeji wangalihama zamani. Nao hawakuhama, wamekaa humo vizazi kwa vizazi, tena wengi, wakila mazao ya mitelemko ile ile.

Jinsi walivyofika kukaa wamesongamana hivyo ni habari ya vita. Husimuliwa ya kuwa hapo kale Wamatengo walitawanyika katika nchi pana zaidi, wakikata miti na kuichoma, wakipanda ulezi majivuni, na shamba likichoka wakifungua jingine. Kisha wakaja Wangoni. Watu hao asili yao ni kusini mwa Afrika; walikimbia vita vya siku za Shaka, mfalme wa Wazulu, wakavuka mto Zambezi mwaka 1835, wakaongozwa na Zwangendaba mpaka Ufipa. Huko Zwangendaba alifariki, watu wake wakagawanyika, na katikati ya karne ya 19 baadhi yao wakafika nchi ya Songea na kuitawala. Kutoka huko walikwenda kuteka watu na mifugo na vyakula katika nchi zilizowazunguka. Wamatengo wakakimbilia milimani, penye miamba na mapango, na habari za mapango ya Litembo husimuliwa hata leo.

Lakini pango huokoa roho tu, halilishi mtu. Watu waliokuwa na nchi pana sasa walikuwa na mitelemko michache. Kukata miti na kuchoma hakukuwezekana tena, maana miti haikutosha, wala kuhama hakukuwezekana, maana kuhama ni kushuka penye mikuki. Iliwapasa kulima mahali pale pale mwaka kwa mwaka, tena mahali pabaya. Hapo ndipo, kwa masimulizi yaliyo mengi, kazi ya ngoro ilipoanza au ilipostawi. Wako watu wasemao ya kuwa shida ndiyo iliyowafundisha. Sisi hatukubali neno hilo lipite hivi hivi. Shida huwafundisha wengi kuiba, na wengine huwafundisha kufa. Lazima awepo mtu atazamaye jinsi maji yanavyopita katika shamba lake, akajaribu jambo, likaharibika, akajaribu tena. Watu hao walikuwako Umatengo, na majina yao hayakuandikwa.

Sasa tueleze kazi yenyewe, maana wasomaji wetu wengi ni wakulima na watataka kujua. Karibu na mwezi wa Machi, mvua ikiwa bado yanyesha, wanaume huingia katika shamba lililopumzika, wakakata majani yote kwa mundu. Hawayachomi. Huyaacha siku kadha wa kadha yanyauke, kisha huyakusanya na kuyalaza juu ya ardhi kwa mistari, mingine ikikata mlima, mingine ikishuka nao, hata mlima wote huwa kama wavu uliotandazwa. Kila jicho la wavu huo hupata upana wa hatua mbili hivi. Hawana kamba wala kijiti cha kupimia; hupima kwa macho. Hapo kazi ya wanaume imekwisha, wakaja wanawake na majembe. Mwanamke husimama katikati ya mraba, huchimba udongo wa pale aliposimama na kuutupa juu ya majani pande zote nne. Juu ya udongo huo humwaga mbegu za maharagwe, akachimba tena na kuzifunika. Akimaliza, aliposimama pamekuwa shimo, na majani yamezikwa ndani ya tuta. Huhamia mraba wa pili, na wa tatu, hata mlima uishe.

Mtu akitazama kwa mbali huona urembo tu, kama sega la nyuki. Lakini atazame mvua ikinyesha. Maji yanayoanguka katika mraba mmoja hayaendi kwa jirani; huingia katika shimo lake, hutulia, hunywewa na ardhi polepole. Udongo uliochukuliwa kutoka tutani hautoroki, hukaa chini ya shimo ukimngoja mwenyewe. Nayo majani yaliyozikwa huoza, yakawa mbolea chini ya mizizi.

Kuna jambo jingine lililo la hila zaidi. Wengi wetu tumefundishwa kulima matuta marefu yanayokata mlima, na matuta hayo ni mema pale yafaapo. Lakini tuta refu hukusanya maji ya mlima wote nyuma yake, na likipasuka mahali pamoja, hata kwa tundu la panya, maji yote hukimbilia hapo, yakabomoa tuta la chini yake, na la chini yake tena, hata kukawa na korongo. Ngoro haina adui huyo. Tuta likibomoka, maji yanayotoka ni ya shimo moja tu, nayo huangukia shimo lililo chini na kukomea hapo. Hasara hugawanywa vipande vidogo vidogo. Aliyelifikiri jambo hilo alikuwa fundi wa maji, ingawa hakuvaa miwani wala kushika karatasi.

Kazi haiishi hapo. Maharagwe yakisha kuvunwa katikati ya mwaka, shamba hukaa mpaka mvua mpya, ndipo mahindi yapandwapo juu ya matuta yale yale. Wakati wa kupalilia, magugu hutupwa shimoni yaoze. Mahindi yakisha kuvunwa shamba hupumzika miezi kadhaa, majani huota, na Machi ikirudi huanza upya. Lakini safari hii mashimo hayachimbwi pale pale. Palipokuwa tuta pawa shimo, na palipokuwa shimo, penye majani yaliyooza na udongo uliotulia, hupita tuta jipya. Hivyo udongo wa shamba zima hupinduliwa zamu kwa zamu, wala hapana kipande kinachosahauliwa. Na maharagwe nayo yamewekwa mbele ya mahindi kwa faida kubwa, maana mizizi yake huongeza rutuba ambayo mahindi hula baadaye.

Twaulizwa na wanafunzi wetu: je, walitoa wapi wazo hilo? Kuzika majani chini ya udongo si kazi ya Wamatengo peke yao. Wafipa na Wamambwe nao hufukia majani katika vilima vidogo vya udongo na kupanda juu yake. Sisi twaona ya kuwa kubuni mara nyingi si kuumba kitu kisichokuwako kabisa. Ni kukichukua kinachojulikana na kukipeleka mahali pengine penye taabu nyingine. Kilima cha udongo pekee yake kwenye mtelemko mkali huzungukwa na maji na kuliwa. Lakini vilima vikiungwa mikono, kila kimoja kikimshika mwenziwe, maji hayapati njia. Kuviunga huko ndiko kulikokuwa kugumu, na ndiko tunakokusifu.

Wajerumani walipojenga boma Songea mwaka 1897, mateka ya Wangoni yalikoma. Wamatengo wangaliweza kushuka wakalima kama zamani, nao baadhi yao walishuka. Lakini ngoro hawakuziacha. Hiyo ndiyo hoja yetu kwa wale wasemao kuwa ilikuwa shida tu: shida iliondoka, kazi ikabaki. Mwaka 1938 Mwingereza mmoja, A. H. Pike, aliandika katika jarida la Tanganyika Notes and Records juu ya jinsi Wamatengo wanavyohifadhi udongo. Na tangu miaka ya 1990 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, pamoja na wenzao wa Japani, walikwenda kuzipima ngoro hizo na kuzichunguza. Walikwenda kujifunza kwa akina mama wenye majembe.

Na ionekane tofauti. Katika milima ya Uluguru, serikali ya Kiingereza ilianzisha mwaka 1950 mpango wa kuhifadhi udongo, na watu wakaamriwa kuchonga ngazi katika mashamba yao. Nia haikuwa mbaya, kwa kuwa udongo wa Uluguru kweli ulikuwa ukisombwa. Lakini udongo mwema wa milima ile ni mwembamba. Ngazi zilipochongwa, mwema ulizikwa na ule usio na nguvu ukafunuliwa juu. Watu walifanya kazi nyingi wakavuna kidogo. Mwaka 1955 ghasia zikazuka, mtu akauawa, na mpango ukaachwa. Waliobuni ngazi hizo walikuwa na shule nyingi, lakini hawakuwa wenye kula mavuno ya shamba lile. Yule aliyebuni ngoro alikula, au alilala na njaa, kwa akili yake mwenyewe, na kosa lake la mwaka huu alilirekebisha mwaka ujao.

Hatutaki mtu adhani ya kuwa twasifu tu. Ngoro ni kazi nzito, na uzito wake mkubwa umewekwa juu ya migongo ya wanawake. Kahawa, iliyoingia Umatengo katika miaka ya 1920, imeleta fedha, lakini yataka mikono nayo. Watu wengi wamehamia nchi za chini zisizosimama sana, na huko hulima matuta ya kawaida kwa kuwa ni mepesi. Hatuwezi kuwalaumu. Shamba lisilopumzika halioti majani ya kutosha, na pasipo majani, ngoro huwa mashimo matupu.

Sisi wenyewe tuna aibu yetu katika habari hii. Tulipopelekwa kufundisha katika shule moja ya milima hiyo, tulikuta bustani ya shule iko mtelemkoni, juu ya njia. Tukaamua iwe ya mfano. Tukawapanga wanafunzi, tukavuta kamba, tukalima matuta yaliyonyoka kabisa, yakishuka kutoka juu mpaka chini, kwa kuwa ndivyo yalivyopendeza machoni pa wapita njia. Mgeni mmoja aliyekuja kuitembelea shule aliyasifu. Tukapanda mahindi. Mwezi wa Januari ikanyesha mvua usiku mmoja, na asubuhi tuliyakuta mahindi yetu njiani, pamoja na udongo wake. Ng'ambo ya kijito, katika mtelemko uliosimama kuliko wetu, lilikuwapo shamba la ngoro la mama mmoja mjane. Mashimo yake yalijaa maji ya rangi ya chai, na mahindi yalisimama.

Wanafunzi hawakutucheka mbele yetu, maana walikuwa na adabu. Lakini tulijua ya kuwa kila mmoja wao alikuwa amekwisha kuona kwa mama yake jambo ambalo sisi tuliwakataza kulifanya kwa miezi miwili.

Mwezi wa Machi tulikwenda kwa mama yule, tukamwamkia, tukamwomba aje na jembe lake awafundishe wanafunzi na sisi pia. Akatusikiliza, kisha akauliza, "Walimu, mmekwisha kukata majani?" Tukasema bado. "Basi nije kufanya nini?" akasema. "Kateni kwanza, yanyauke. Yakilazwa mniite."

Tukarudi shuleni kutafuta miundu.